Rekodi za Katuni Zilizochimba Kongo

Picha ya katuni inayosema mengi kuhusu Kongo kuliko nyingine zote imo ndani ya Tintin au Congo, nayo imechorwa mara mbili. Mchoraji Hergé alianza kuitoa hadithi hiyo mwaka 1930 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels, na mwaka 1931 ikawa kitabu. Katika darasa la misheni, Tintin anasimama mbele ya watoto weusi na kuwatangazia kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, mwalimu ni yuleyule na watoto ni weusi vilevile, ila somo limekuwa hesabu: mbili jumlisha mbili. Ubelgiji imetoweka darasani, lakini Kongo ilikuwa bado koloni lake na ingebaki hivyo miaka 14 zaidi. Tangu nilipoziweka picha hizo mbili kando kwa kando, kila kitabu cha katuni nakisoma nikitafuta kwanza kilichofutwa, na nani aliona haja ya kukifuta.

Kitabu hichohicho kinashika rekodi ya kesi iliyovutwa muda mrefu. Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels mwaka 2007 akitaka kisiuzwe kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Hukumu ilitoka Februari 2012, akashindwa, na rufaa nayo ikakataliwa mwishoni mwa mwaka huo. Mahakama haikuona nia ya kuchochea chuki. Mimi naona hoja hiyo ya nia ni finyu mno. Mtoto anayechekeshwa na midomo iliyochorwa minene kupita kiasi hana habari na nia ya mchoraji.

Jina lililokimbizwa na siasa haraka kuliko yote ni la Black Panther. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa mfalme huyo wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, Julai 1966, na Oktoba mwaka huohuo chama cha Weusi cha Black Panther kikaanzishwa Oakland, Marekani. Kufikia mwaka 1972 kampuni ya Marvel ilimjaribu kwa jina la Black Leopard ili asihusishwe na chama. Halikushika.

Mwaka huo wa 1966 una uzito wake kwetu. Toleo lililofuata, la Agosti, lilieleza jinsi mzungu aitwaye Klaw alivyokuja na bunduki kutafuta madini ya vibranium na kumuua mfalme T'Chaka, baba wa Black Panther. Wakati huohuo Kongo halisi ilikuwa katika mvutano na Union Minière, kampuni iliyochimba Katanga shaba na pia urani ya Shinkolobwe iliyotumika katika bomu la Hiroshima. Ilipofika Januari 1967 serikali ya Mobutu ilikuwa imezitaifisha mali zake. Sidai kwamba Kirby alikuwa na ramani ya Katanga mezani. Lakini habari za madini ya Afrika na wageni wenye silaha zilikuwa magazetini, na wachoraji husoma magazeti.

Filamu ya katuni iliyosogea karibu na Masisi, mashariki mwa Kongo, kuliko zote ilipigwa kwa sehemu kubwa Atlanta, Marekani. Ni Black Panther ya Ryan Coogler, ya mwaka 2018, na rekodi zake zinajulikana: mapato ya zaidi ya dola bilioni 1.3, filamu ya kwanza ya mashujaa wa katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na filamu iliyofungua sinema za Saudi Arabia Aprili mwaka huo baada ya zaidi ya miaka 35 bila kumbi. Mkenya Lupita Nyong'o yumo, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, yumo.

Kilichonishika mimi ni ule ujanja wa Wakanda. Mbele ya dunia inajionyesha kuwa nchi maskini ya wafugaji, watu wenye blanketi mabegani na mifugo malishoni, kumbe chini ya nyasi kuna madini yasiyopatikana kwingine. Sasa panda gari Sake, ushike barabara ya Kitshanga, upite Kirolirwe. Vilima vya majani mpaka macho yanachoka, ng'ombe wametawanyika, na jibini ya Masisi unaikuta mpaka masoko ya Goma. Katika teritwari hiyohiyo kuna Rubaya, ambako kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa hutoka takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, ile inayoingia kwenye simu.

Ila Wakanda mfalme ndiye anayeshika mgodi. Rubaya mchimbaji anashuka shimoni na sepetu, koltani yenye tantalamu hiyo inapanda mgongoni kwa magunia, na kodi anakula aliyeshika kilima. Waasi wa M23 walipoutwaa mji huo mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria makusanyo ya karibu dola 800,000 kwa mwezi. Kirolirwe nayo imeshapokea wenye bunduki wa kila namna, kuanzia waasi wa CNDP ya Laurent Nkunda hadi M23 wenyewe. Filamu nzima mfalme T'Challa, yaani Black Panther, na mpinzani wake Killmonger wanagombana kama utajiri ufichwe au ugeuzwe silaha ya wanyonge wa dunia. Watu wa Masisi hawajapata kuulizwa lolote kati ya hayo mawili.

Filamu iliyomuudhi waziri wa ulinzi ni ya pili, Wakanda Forever ya Novemba 2022. Humo mamluki wanavamia kituo cha Wakanda nchini Mali, na baadaye wanaburutwa mbele ya mjumbe wa Ufaransa katika kikao cha Umoja wa Mataifa. Februari 2023 waziri wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilaani hadharani jinsi jeshi la nchi yake lilivyoonyeshwa. Wanajeshi wa Ufaransa walikuwa wameondoka Mali Agosti 2022, na kidonda kilikuwa kibichi. Huko Goma mamluki wa kizungu si wa kubuni: Januari 2025, mji ulipoanguka, zaidi ya Waromania 280 waliokodiwa kuulinda walivuka mpaka na kuingia Rwanda.

Mhusika mwenye umri mkubwa ni meli. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora Madame Livingstone mwaka 2014, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji wanaisaka meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba.

Kitabu kilichowahi habari ni Kivu, cha Jean Van Hamme na Christophe Simon, kilichotoka mwaka 2018 kikiwa na koltani, Bukavu na Daktari Denis Mukwege aliyechorwa kama alivyo. Oktoba mwaka huohuo Mukwege akatangazwa mshindi wa Nobel ya Amani. Kitabu kina ujasiri, kwa kuwa kinaifuata koltani mpaka ofisi za makampuni Ulaya. Hata hivyo anayetuongoza ni injinia kijana wa Kibelgiji, na Mkongo kwa mara nyingine anasubiri mgeni afumbuke macho.

Msimulizi mdogo kuliko wote ametoka Beni. Michel Chikwanine alitekwa na wapiganaji mwaka 1993 akiwa na miaka 5. Walimfunga kitambaa machoni, wakamlazimisha kumpiga risasi rafiki yake. Alitoroka, na baadaye akaishia Kanada, ambako mwaka 2015 alitoa kitabu cha katuni, Child Soldier, akiwa na mwandishi Jessica Dee Humphreys na mchoraji Claudia Dávila. Anayezungumza humo ni yeye mwenyewe. Katika vyote nilivyovitaja, hicho ndicho ningempa kwanza mwanafunzi wa sekondari wa Kirolirwe, na ningempa kwa Kiswahili.