Sura ya Sita: Steringi Anapokufa

Kwenye mabanda ya video kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: steringi hafi. Achomwe kisu, atupwe kutoka ghorofani, gari lake liwake moto. Watazamaji wametulia kwenye mabenchi yao, wanajua atatokea tu. Neno lenyewe tumeliokota kwenye mabango ya sinema za kigeni, lilipokuwa limebandikwa jirani na jina la mwigizaji mkuu, tukaligeuza kuwa cheo cha mtu. Na mwenye cheo hicho ana kinga.

Ndiyo sababu siku nilipoitazama Aashiqui 2 kwenye banda moja la Ngombezi niliona watu wazima wakikasirika kabisa.

Ngombezi ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga, na ukiitaja kwa mtu wa mbali, kama anaijua, atakutajia mkonge. Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, TV ya chogo imepandishwa juu ya meza mbili ili walio nyuma nao waone. Filamu ilikuwa imetafsiriwa, maana yake sauti ya mtu mmoja iliwasemea wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam chenye utani mwingi. Rahul, mwimbaji maarufu na mlevi, anamkuta Aarohi akiimba kwenye baa huko Goa. Anamtoa pale, anamfungulia njia, binti anakuwa staa, wanapendana. Kadiri mmoja anavyopanda ndivyo mwingine anavyoshuka. Pombe haimwachi Rahul, na mwisho anajirusha mtoni kutoka darajani. Jamaa aliyekaa mbele yangu akasimama.

"Sasa steringi kafa, filamu inaendeleaje?"

"Kaa chini kaka, watu hawaoni. Steringi ni yule dada."

"Tangu lini?"

Sijasikia swali bora zaidi kuhusu hadithi hii, na nimesoma wahakiki wengi wenye majina. Tangu lini? Ni dakika ya ngapi ambapo filamu inamvua mtu mmoja usteringi na kumvisha mwingine?

Mohit Suri alipoitoa Aashiqui 2 mwaka 2013, hadithi ilikuwa na umri wa bibi yake. Mzizi wake ni Hollywood, kwenye filamu ya 1932 iitwayo What Price Hollywood?, iliyoongozwa na George Cukor chini ya mtayarishaji David O. Selznick. Selznick huyo huyo akairudia kwa sura nyingine mwaka 1937 akaipa jina lililodumu, A Star Is Born, mwongozaji akiwa William Wellman, waigizaji Janet Gaynor na Fredric March. Mwaka 1954 Cukor akairudia yeye mwenyewe, sasa ikiwa na nyimbo, na Judy Garland na James Mason wakiwa mbele. Mwaka 1976 ikahamia kwenye muziki wa roki kwa Barbra Streisand na Kris Kristofferson. Mwaka 2018 Bradley Cooper aliiongoza na kuigiza humo pamoja na Lady Gaga. Wimbo wa 1976, Evergreen, ulichukua Oscar, na wa 2018, Shallow, ukachukua yake. Kwetu, hata hivyo, naamini waliolia kwa ajili ya Rahul ni wengi kuliko waliolia kwa ajili ya Wamarekani wote wanne, maana sinema ya Kihindi ilishatufundisha zamani kulia wimbo ukiwa unaendelea.

Sasa turudi kwa yule jamaa. Chukua kila toleo, tazama dakika kumi za mwanzo tu.

Toleo la 1937 linaanzia kijijini North Dakota, kwenye theluji, kwa msichana Esther anayechekwa na ndugu zake kwa ndoto ya kuigiza. Bibi yake peke yake anamwelewa, anampa akiba yake ya nauli. Mwanamume maarufu bado hatujamwona. Mtazamaji wa banda asingeuliza chochote: steringi ni Esther tangu mwanzo, na mume atakapokufa litakuwa pigo kwake, lakini si mwisho wa filamu. Toleo la 1954 linawaleta wote wawili kwa pamoja, kwenye usiku wa tamasha la hisani, mwanamume kalewa anavamia jukwaa na mwanamke anamwokoa aibu kwa kumwingiza kwenye wimbo kana kwamba vyote vilipangwa. Hapo mizani iko sawa. Lakini 1976 inafungua kwa mwanamume na umati wake. Na 2018 inafungua kwa Cooper akimeza vidonge, akisukumia kwa pombe, kisha anatoka na gitaa kwenye mwanga. Dakika kadhaa zinapita kabla hatujamwona Lady Gaga. Aashiqui 2 nayo inaanza na Rahul jukwaani.

Kwa hiyo jamaa wa Ngombezi hakukosea. Filamu alizokulia nazo zilimfundisha kwamba anayeoneshwa kwanza ndiye mwenye kinga. Watengenezaji wa zama zetu wamemsogeza mwanamume mbele, wakamwachia mwanamke jina la filamu tu. Nyota inayozaliwa ni ya dada, lakini jicho tunalotazamia ni la kaka. Kwa maoni yangu huo ni upungufu wa toleo la 2018, pamoja na uzuri wake wote. Nusu ya pili, ambapo Ally, mhusika wa Lady Gaga, anakuwa staa wa kumetameta, inaoneshwa kama vile mtu anavyomtazama mke wake kutoka mlangoni, akinuna.

Kuna tukio moja ambalo matoleo yote manne ya Kimarekani hayathubutu kulifuta: usiku wa tuzo. Ukitaka kuona jinsi hadithi moja inavyobadilika, tazama tukio hilo peke yake mara nne. Mwaka 1937 mke anapokea Oscar. Mume anaingia kalewa, anapanda mbele, anadai apewe tuzo ya uigizaji mbovu, anatupa mkono akijieleza na mkono unampiga mkewe usoni bila kukusudia. Ukumbi mzima unakuwa kimya. Mwaka 1954 tukio ni lile lile, kofi lile lile. Mwaka 1976 tuzo inakuwa ya muziki, Grammy, na mlevi analeta fujo. Mwaka 2018 mume anapanda jukwaani na mkewe, anajikalia kwenye ngazi, na suruali yake inalowa mbele ya kamera.

Kwa miaka 81 fedheha imetoka kwenye mkono ikaingia kwenye mwili. Mtu wa 1937 ni mlevi kwa sababu ana hulka dhaifu, ndivyo filamu ilivyofikiri, na kosa lake ni kumdhuru mwingine. Mtu wa 2018 ni mgonjwa. Ana masikio yanayoharibika, ana baba aliyekuwa mlevi kabla yake, ana utoto ambao filamu inaupa nafasi ya kutosha, na mwili wake haumtii tena. Neno letu "uraibu" lina umri mdogo katika matumizi ya kila siku. Waliotutangulia walisema "ulevi" wakamaliza, na ndani ya neno hilo hukumu ilikuwa imeshatolewa. Ukitazama matoleo haya kwa mfululizo utaona neno moja likigeuka kuwa jingine.

Jambo la kuumiza zaidi halimo ndani ya hadithi. Mwaka 1954 aliyeigiza mlevi, James Mason, alikuwa Mwingereza mtulivu aliyefika kazini kwa wakati. Aliyeigiza mke msafi, mvumilivu, anayemfuta mumewe jasho, ni Judy Garland, na Garland ndiye aliyekuwa amefungwa na vidonge tangu ujana wake studioni: vya kumwamsha afanye kazi, vya kumlaza usiku. Alifariki London mwaka 1969 kwa kuzidisha dawa za usingizi, akiwa na miaka 47. Filamu nzima anamlilia mtu mwenye ugonjwa wake mwenyewe.

Na filamu hiyo nayo ilikatwa. Ilitoka ikiwa na dakika 181. Wenye majumba ya sinema wakataka fupi zaidi ili waioneshe mara nyingi kwa siku, na studio ikapunguza karibu nusu saa bila Cukor kuwamo. Vipande vikapotea. Mwaka 1983 mtafiti Ronald Haver alifanikiwa kuirejesha kwa sehemu kubwa, lakini kuna mahali alipata sauti bila picha. Hapo akaweka picha mnato, na waigizaji wanaendelea kuzungumza juu yake.

Sauti kukaa mbali na picha yake si jambo geni kwa watu wa Korogwe. Ukiwa Ngombezi ukitazama milima ya Usambara, huko juu upande wa Korogwe kuna Vugiri. Kati ya 1935 na 1937 Vugiri ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa filamu kwa Waafrika, uliolipiwa na shirika la Carnegie la Marekani na kuendeshwa na Meja L. A. Notcutt. Notcutt aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na aliandika mwenyewe kwamba wazo lilimjia huko: sinema shambani ingewafanya vibarua waridhike. Manamba wanaodaiwa kipande cha siku, waoneshwe picha jioni, wasilalamike. Mradi ulitoa filamu 35, za minyoo, za kodi, za akiba ya posta, na ukazizungusha kuanzia Tanganyika na Kenya hadi Nyasaland. Picha zilikuwa kwenye utepe mwembamba wa milimita 16, sauti kwenye sahani za santuri, na sahani zilirekodiwa kwa lugha tofauti kadiri ya wasikilizaji. Mtafsiri wetu wa bandani, anayemsemea Rahul kwa Kiswahili cha Kariakoo, ana babu yake Vugiri.

Mwaka 1937, wakati Hollywood inamzaa Esther, fedha za Vugiri ziliisha na mradi ukafungwa. Staa wa kwanza wa filamu za Kiswahili akaja mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni moja ya Johannesburg ilipotengeneza Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi huku Tanganyika. Mshamba anayeingia mjini katika Muhogo Mchungu aliigizwa na kijana wa ustawi wa jamii aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Kawawa hakushuka. Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Nadhani hakuna mwandishi wa Hollywood ambaye angekubaliwa mswada huo.

Lakini hadithi ya ustaa na uraibu tunayo, na haihitaji kutungwa. Rehema Chalamila, Ray C, alikuwa sauti kubwa ya Bongo Fleva tangu mwaka 2003. Baadaye heroini ikamshika, na mwenyewe alilisema hadharani. Desemba 2012 alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kutibiwa. Tiba yenyewe, methadoni, ilikuwa imeanza Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya maji, mtu anainywa kila siku mbele ya mhudumu, inakaa mwilini muda mrefu, inamwondolea arosto bila kumpa mzuka, na hivyo anapata nafasi ya kufikiria kitu kingine zaidi ya unga. Hakuna daraja la kujirusha wala bahari ya kujizamisha humo. Kuna foleni ya asubuhi na kikombe kidogo, kesho tena, keshokutwa tena.

Matoleo yote niliyoyataja yameshindwa kulionesha hilo. Tiba, pale inapooneshwa, ni kituo kizuri chenye bustani, dakika chache, halafu mtu anarudi nyumbani kufa. Wanahitaji afe. Mizani ya hadithi imejengwa hivyo: mmoja akipanda lazima mwingine aondoke, na akibaki hai hakuna machozi ya mwisho wala wimbo wa kuaga. Mtu anayepona polepole, anayeteleza na kuinuka tena, hawajui wampige picha akiwa wapi. Kwa mabanda yetu ingekuwa rahisi, kwa sababu sheria ya mabenchi ilishasema tangu zamani kwamba steringi hafi.

Kama una muda wa kutazama moja tu, usianze na ya karibuni. Tafuta ya 1954, ile iliyorejeshwa, ndefu, inakaribia saa tatu. Ukifika kwenye picha mnato usipeleke mbele. Zima taa, sikiliza.