Kusita kwa Walimu Kutumia TEHAMA Darasani: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mazingira ya Wilaya ya Butiama

Mwalimu asiyetumia kifaa cha TEHAMA darasani huelezwa kwa wepesi kuwa ni mgumu kubadilika. Makala haya yanashikilia kuwa kusita kwake mara nyingi ni uamuzi wenye sababu, na kwamba msaada usiozitazama sababu hizo hauwezi kufaulu.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika zoezi hilo. Kifaa kilitangulia, swali la ufundishaji likafuata nyuma: kitafanya nini ambacho ubao na chaki havifanyi? Kwa mwalimu wa Butiama mwenye darasa lililosongamana na kishikwambi kimoja, swali hilo si dogo. Mwanafunzi wa dawati la nyuma hakioni kioo, na intaneti huhitaji bando ambalo lazima mtu alilipie.

Davis (1989) anaeleza kuwa mtu huikubali teknolojia akiiona ina manufaa katika kazi yake na ni rahisi kuitumia. Maelezo hayo yanafaa, lakini yalijengwa juu ya programu za kompyuta za kazi za ofisini. Karani akikosea hukosea peke yake. Mwalimu hukosea mbele ya watoto, na huenda baadhi yao ni wepesi wa simu kuliko yeye. Kinachohatarishwa hapa ni heshima. (Katika wilaya alikozaliwa mtu aliyeitwa Mwalimu na taifa zima, jina hilo halichezewi.)

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ifanyike nje ya darasa. Mwalimu aanze na kazi inayomlemea: andalio la somo, maswali ya jaribio, ujumlishaji wa alama. Lugha ya kifaa iwekwe Kiswahili. Vitabu vipakuliwe mapema kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ili somo lisitegemee mtandao. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) tayari yana jumuiya za ujifunzaji shuleni. Humo mwalimu humwona mwenzake wa shule ileile akijaribu, akikosea na kurudia bila mwanafunzi kushuhudia. Mkufunzi wa semina ya siku moja huondoka na jioni yake.

Darasani, jaribio liwe dogo. Katika somo la moyo na mzunguko wa damu, kwa mfano, kikundi kimoja hutazama video fupi huku vingine vikichora mchoro ulio ubaoni, kisha hupokezana. Chaki haiondolewi.

Linabaki suala la usimamizi, na hapa ndipo mtafiti anapoona hatari kubwa zaidi. Mwalimu mkuu au mthibiti ubora wa shule akihesabu tu vipindi vilivyotumia kishikwambi, kifaa kitawekwa mezani siku ya ugeni na kurudishwa kabatini kesho yake. Kinachofaa kuchunguzwa ni iwapo mwalimu alikitumia tena juma lililofuata bila kuagizwa na mtu.