Bao la Kujifunza na Bei ya Wepesi

Katika michezo ya mkakati, yaani michezo ambayo ushindi hutegemea kupanga hatua nyingi kabla ya kuzitenda, ni jambo la kawaida mchezo mgumu kuzaa mchezo mwepesi, na huyo mtoto akapendwa na watu wengi kuliko mzazi, huku mabingwa wa mzazi wakimkana. Mfano unaojulikana zaidi katika michezo ya video ni ule wa Warcraft III, mchezo wa vita uliotolewa mwaka 2002, ambao humtaka mchezaji asimamie kwa wakati mmoja majengo, wachimbaji wa dhahabu na jeshi zima. Mwaka 2003 wapenzi wa mchezo huo waliutumia kutengeneza mchipuko ulioitwa Defense of the Ancients, ambamo usimamizi wa majengo na uchumi uliondolewa na kila mchezaji akabaki na shujaa mmoja wa kumwongoza. League of Legends, uliotoka mwaka 2009, ulifuata njia hiyo hiyo na ukavuta wachezaji wengi mno duniani. Waliouzoea mchezo wa awali walilalamika kwamba wepesi wa vidole umechukua nafasi ya fikra, ilhali wageni waliona kwamba mlango uliokuwa umefungwa kwao sasa uko wazi.

Mabishano ya namna hiyo yalikuwapo Afrika Mashariki kabla ya kompyuta, na kwenye uwanda wa juu wa kati wa Tanzania yanaweza kuchunguzwa bila umeme, kwa bao, mchezo wa mashimo 32 na kete 64. Dodoma, iliyoko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua katika msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya mavuno hufuata miezi mirefu ya ukavu ambayo kazi za shamba hupungua na kivuli cha mti huwa mali. Bao huchezwa kwenye ubao uliochongwa au kwenye vishimo vilivyofukuliwa ardhini, na kwa kuwa mkomwe, mmea unaotoa kete zinazopendwa na wachezaji wa pwani, ni wa ufukweni, mbegu nyingine au kokoto hushika nafasi yake bara. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, eneo la Dodoma, katika karne ya 19, na reli ya kati ikafika Dodoma mwaka 1910, hivyo Kiswahili na starehe zake vilikuwa na njia nzuri ya kupanda bara. Hata hivyo si lazima kudhani kwamba kila mchezo wa mashimo ulishuka kwenye treni, maana Wasukuma, ambao wafugaji wao wamesambaa na mifugo hadi mikoa ya kati, wana isolo yao ya safu nne, na huko Hyrax Hill karibu na Nakuru, nchini Kenya, safu za mashimo zimechongwa kwenye mwamba wenyewe.

Bao lenyewe lina sura mbili ambazo wachezaji huzitofautisha kwa majina. La kwanza ni bao la Kiswahili, ambalo ndilo la mabingwa, na la pili ni bao la kujifunza, ambalo kwa kawaida hufundishwa watoto na wageni. Ubao ni ule ule: safu nne za mashimo manane, mbili za kila mchezaji, na ulaji hutokea kwenye safu za mbele zinazotazamana. Kete hutawanywa moja moja kutoka shimo hadi shimo. Ikiwa ya mwisho itaangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linaloelekeana nalo likawa na kete pia, mchezaji hula hizo za mpinzani na kuzitawanya upande wake kuanzia kichwani, yaani kwenye shimo la pembeni. Mtawanyo huo unaweza kuzaa ulaji mwingine, na huo mwingine tena, mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu na zamu ikalala. Anayemaliziwa kete za safu ya mbele, au anayekosa hatua ya kucheza, ameshindwa.

Tofauti iko mwanzoni. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 ndani ya nyumba, shimo maalumu ambalo kwa desturi huchongwa kwa umbo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 hubaki mkononi na huingizwa moja kwa kila zamu katika awamu iitwayo namua. Ni baada tu ya kete hizo kwisha ndipo mchezo unapoingia awamu ya mtaji, ambamo mchezaji huanzia na kete zilizomo ubaoni. Namua ina sheria zake nyingi, hasa zinazohusu nyumba: lini mtawanyo ukomee pale, na lini mwenyewe aamue kuivunja na kusafiri na kete zake zote. Bao la kujifunza hulikata jambo hili lote kwa pigo moja, kwa kuweka kete mbili katika kila shimo tangu mwanzo na kuanza moja kwa moja na mtaji.

Maoni juu ya ukataji huo yamegawanyika, na pande zote mbili zina hoja. Wanaoutetea husema kwamba mtoto wa miaka minane anaweza kuelezwa bao la kujifunza kwa muda mfupi na kuanza kucheza, na kwamba bila hilo wengi wasingefika hata kwenye kizingiti cha bao la watu wazima. Wanaoukosoa husema kwamba namua ndiyo roho ya mchezo, kwa sababu ni hapo mchezaji anapojenga, anapoweka akiba na anapomsoma mwenzake. Ukiiondoa, linabaki shindano la kuhesabu. Kutoka hapo wengine huteleza hadi kusema kwamba bao la kujifunza ni la kitoto na halina kina. Hoja hii ya mwisho haisimami, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini.

Mchezaji wa kwanza katika bao la Kiswahili hana anachoweza kula. Mashimo yake matatu yenye kete hayaelekeani na matatu ya mpinzani, kwa kuwa kila mmoja amepanga kete zake kuelekea mkono wake wa kulia, nao wametazamana. Kwa hiyo zamu ya kwanza ni ya kutakata tu, yaani kutawanya bila kula, na machaguo ni machache. Mchezo hufunguka polepole, kete moja kwa kila zamu, kama ghala linalojazwa kibaba kwa kibaba. Katika bao la kujifunza hali ni kinyume. Kila shimo lina kete mbili, hivyo hatua yoyote ya kwanza inayokomea safu ya mbele inakula. Kila shimo la mbele linaweza kufikiwa hivyo kutoka pande mbili, na hesabu yake ni machaguo 16 ya kula tangu zamu ya kwanza kabisa, kila moja likianzisha mnyororo ambao mwisho wake hauonekani bila kuufuata kete kwa kete. Mwanafunzi ameondolewa sheria na kutwishwa hesabu. Mchezo umekuwa rahisi kueleza, lakini haujawa rahisi kuchezwa vizuri, na watu wanaouita mwepesi huwa wanachanganya mambo haya mawili.

Saikolojia ya ujifunzaji inatoa istilahi ya kufaa hapa. Mwaka 1988 mtafiti John Sweller alieleza nadharia ya mzigo wa akili, inayosema kwamba kumbukumbu tendaji, yaani ile sehemu ya akili inayoshikilia mambo machache kwa sekunde chache wakati wa kufikiri, hujaa haraka, na kwamba mwanafunzi aliyejazwa hana nafasi iliyobaki ya kujifunza. Sheria za namua ni mzigo wa aina moja, na kufuata mnyororo wa kete ni mzigo wa aina nyingine. Bingwa huukabili mzigo wa pili kwa sababu haoni tena kete moja moja bali maumbo aliyokwisha kuyazoea, jambo ambalo William Chase na Herbert Simon walilionyesha kwa wachezaji wa sataranji mwaka 1973. Kwa upande wa bao, Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akawasilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu juu ya ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Bao lilimfaa kwa sababu hatua moja yake hubadilisha sehemu kubwa ya ubao kwa mara moja, tofauti na sataranji ambamo kwa kawaida kipande kimoja husogea na vingine hubaki mahali pake.

Wako waliorahisisha kweli kweli, wakapunguza sheria na hesabu pamoja. Mmarekani William Julius Champion alibuni mwaka 1940 mchezo alioupa jina la kalah, wenye safu mbili za mashimo sita na ghala la kila mchezaji pembeni, na ni kalah ambayo programu nyingi za simu huipa jina la jumla la mankala, kana kwamba michezo yote ya mashimo ya Afrika ingeweza kufungwa ndani ya kijisanduku hicho. Anayeanza ana machaguo 6. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliukokotoa kwa kompyuta hadi mwisho, na ikabainika kwamba kwa kete nne katika kila shimo, anayeanza akicheza bila kosa hushinda kwa tofauti ya kete 10. Miaka miwili baadaye John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walikokotoa awari, mchezo wa asili ya Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48, kwa kupitia hali 889,063,398,406 za ubao, wakapata kwamba ukichezwa kikamilifu huisha sare. Bao halijafikiwa hivyo. Njia za kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 ni takriban 1 ikifuatwa na sifuri 25, na idadi hiyo ni ile ile iwe ubao umepangwa kwa Kiswahili au kwa kujifunza. Anayelidharau bao la kujifunza kwa sababu ya wepesi wake anapaswa kuitazama namba hiyo kwanza.

Hata hivyo wakosoaji wana jambo moja wanaloliona sawasawa, ingawa si wote wanaolieleza vizuri: kupunguza sehemu za mchezo hubadilisha kile mchezo unachokifundisha. Mwaka 2013 Brian Glass, Todd Maddox na Bradley Love walichapisha jaribio ambalo washiriki wasio na mazoea ya michezo ya video walicheza kwa saa 40. Baadhi walipewa The Sims, mchezo wa kuendesha maisha ya kaya, na wengine StarCraft, mchezo wa vita wa mkakati, katika matoleo mawili: moja la kusimamia kambi moja, jingine la kusimamia kambi mbili kwa wakati mmoja. Waliopewa toleo gumu walipata ongezeko kubwa zaidi la wepesi wa akili kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Matokeo hayo hayapaswi kushangiliwa kupita kiasi, kwa maana mwaka 2018 Giovanni Sala na wenzake, baada ya kuunganisha takwimu za tafiti nyingi, walihitimisha kwamba mazoezi ya michezo ya video hayaongezi uwezo wa jumla wa akili. Mtu huwa hodari wa kile anachokifanya. Kwa mzazi wa Kongwa au Manyoni anayetumaini kwamba bao litampandisha mwanawe alama za hisabati, habari hiyo si njema sana. Kwa swali la bao lenyewe, lakini, ina uzito: ikiwa mtu hujifunza kile tu anachokitenda, basi miaka mingi ya bao la kujifunza humpa ukokotoaji wa mitaji, na haimpi hata siku moja uamuzi wa lini aivunje nyumba.

Simu ya mkononi imeleta mchipuko mwingine, na hapa hali imepinduka kwa namna ya kuvutia. Michipuko ya michezo ya video iliyotajwa mwanzoni ilipunguza mipango na, kwa maoni ya waliolalamika, kuongeza kazi ya vidole. Programu ya bao hufanya kinyume, kwa kuwa mchezaji hugusa shimo mara moja na kompyuta hutawanya kete zote, hula, hurudi kichwani na kuendelea, huku tarakimu ikionyesha idadi ya kete katika kila shimo. Mkono umestaafishwa. Wenye haraka hufurahi, na kosa la kutawanya haliwezekani tena. Lakini mkono ule ndio uliokuwa ukimfundisha mtoto kuhesabu, maana kila kete iliyodondoshwa ilikuwa tarakimu moja iliyopita vidoleni, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo na watazamaji, ambao kijiweni huwa wengi na hawana aibu ya kusema. Mtoto anayetazama kompyuta ikitawanya anaona matokeo bila kupita njia yake.

Programu hizo zimefichua pia jambo ambalo ubao wa mti uliweza kulificha. Mnyororo wa mtawanyo na ulaji unaweza, katika hali fulani za ubao, kuzunguka na kurudia mahali pale pale, yaani zamu isiyolala kamwe. De Voogt na watafiti wa kompyuta waliandika juu ya zamu hizo mwaka 2006. Kwa mchezaji wa kijiweni tatizo hilo ni dogo, kwa sababu mkono huchoka. Mtengenezaji wa programu, awe Amsterdam au kwenye ndaki ya masomo ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hana mkono wa kuchoka wala watazamaji wa kupiga kelele, na analazimika kuandika sheria mpya ya kuikata zamu. Hivyo mchezo uliopunguziwa kazi ya mkono ili uwe mwepesi hujikuta ukidai sheria ambayo wazee hawakuwahi kuihitaji.