Povu la Jakuzi Haliondolewi kwa Softena

"Fundi, niweke dawa gani povu liishe?" Haipiti wiki sijaulizwa. Anauliza mwenye nyumba wa Mbezi Beach, anauliza meneja wa nyumba ya wageni ya Jambiani kule Unguja, inauliza familia ya Karen, Nairobi, iliyonunua jakuzi kwa ajili ya baridi ya Julai. Wote wanaamini maji yao yamepungukiwa na kitu fulani kinachouzwa kwenye chupa. Nasema tena, na naomba safari hii nisikike: maji yenye povu yamezidiwa. Kuna kitu ndani yake ambacho hakikupaswa kuwemo, na kitu hicho hakitatoka kwa kuongezewa kingine. Ulizeni nini kimeingia, na kitatolewaje.

Kabla ya yote, hakikisha unalo tatizo. Jeti zinapochanganya maji na hewa, viputo lazima vitokee. Hiyo ndiyo kazi yake. Zima pampu. Viputo vikipasuka ndani ya sekunde chache, maji yako hayana neno. Povu la kushughulikiwa ni lile jeupe, zito, linalobaki limelala juu ya maji kwa dakika nzima na zaidi, na ukilikusanya mkononi linakaa. Hilo limeshikiliwa na molekuli za jamii ya sabuni: zina upande mmoja unaopenda maji na upande wa pili unaoyakimbia, nazo hujipanga kwenye kuta za kila kiputo na kukizuia kisipasuke. Pasipo molekuli hizo, jeti zingezunguka mchana kutwa na povu lisikae.

Sasa softena, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Ushauri huu unazunguka kwenye simu za watu kwa uhakika wa kutisha: mimina vifuniko kadhaa vya dawa ya kulainishia nguo, washa jeti, povu litaanguka. Wanaousambaza hawasemi uongo kuhusu walichokiona. Povu huanguka kweli, wakati mwingine mbele ya macho yako. Kinachoudhi ni kwamba watu wameona mwanzo wa mambo wakadhani wameona mwisho.

Hiki ndicho kinachotokea. Sabuni na sabuni za unga nyingi zina molekuli zenye chaji hasi. Softena imetengenezwa kwa molekuli zenye chaji chanya, kwa sababu hizo ndizo hung'ang'ania nyuzi za kitambaa na kuzilainisha. Zikikutana ndani ya jakuzi, hasi na chanya hushikana na kuwa uchafu wa mafuta usioyeyuka. Molekuli iliyokwisha kushikana hivyo haiwezi tena kushikilia kiputo, basi povu linaanguka. Mtu anafurahi, anapiga picha, anamtumia jirani.

Lakini jiulize: kimetoka nini ndani ya maji? Hakuna. Sabuni bado imo, na softena imeongezeka, pamoja na manukato yake na rangi yake. Ule uchafu wa mafuta unatafuta mahali pa kukaa, na mahali pake ni patatu. Sehemu ya kwanza hubandika ukingoni, ule mstari wa kijivu unaoteleza ukiupitishia kidole. Sehemu ya pili huingia kwenye mikunjo ya filta na kuifunga, maji yakawa yanapita kwa shida na pampu ikafanya kazi kwa kulazimishwa. Sehemu ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote, hupaka ndani ya mabomba ambako mkono wako haufiki.

Kisha kuna suala la kipimo. Nani anajua kuna sabuni kiasi gani ndani ya maji yake? Hakuna anayejua, kwa hiyo watu hukadiria, na mara nyingi huzidisha. Softena iliyobaki bila sabuni ya kushikana nayo ni kemikali ya jamii ileile inayoshikilia viputo. Baada ya siku chache povu linarudi, na mtu anamimina tena. Wengi hawajui pia kwamba dawa nyingi za bei nafuu za kuua mwani kwenye bwawa la kuogelea zimetengenezwa kwa kemikali za ukoo mmoja na softena, za amonia yenye chaji chanya, na kila anayefanya kazi hii anajua kwamba dawa hizo hutoa povu zikipigwa na jeti. Nimeona jakuzi nyingi ambazo chanzo cha povu kilikuwa dawa ya mwani, na mwenyewe akawa analitibu kwa ndugu yake.

Hasara kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Softena, manukato, mafuta, vyote hivyo ni chakula cha klorini: klorini huvishambulia, na katika kuvishambulia inakwisha. Kadiri unavyomimina, ndivyo klorini huru ya kuua vijidudu inavyopungua, na hapo ndipo ninapoacha kuwa mpole. Maji ya jakuzi hukaa kwenye nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi. Bakteria aina ya Legionella hustawi kati ya nyuzi 25 na 45. Wanapenda kujificha kwenye utando unaoteleza ndani ya mabomba, utando uleule ambao softena imesaidia kuuwekea msingi. Jeti zikiwashwa, maji yanarushwa hewani kwa matone madogo mno, mtu anayavuta hadi kwenye mapafu, na matokeo yake yanaweza kuwa nimonia kali.

Asidhani mtu kwamba natishia. Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel nchini Uholanzi, jakuzi iliyowekwa kwa maonyesho tu ilirusha Legionella hewani. Wageni walipita karibu wakivuta hewa. Watu wasiopungua 32 walifariki na wengine wengi waliugua. Chanzo hakikuwa povu. Kilikuwa maji ya moto yanayorushwa hewani bila kuuliwa vijidudu ipasavyo. Ndiyo maana povu linanihusu kama dalili: mara nyingi linaniambia kwamba klorini imekwisha kazi yake. Yupo pia Pseudomonas, ambaye haui mtu mwenye afya lakini humwachia upele wa vipele vyenye usaha siku moja au chache baadaye, hasa sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea. Wageni hudhani ni mbu au ni joto.

Wengine wamehama kutoka softena kwenda siki au ndimu. Hao nawaambia kwa neno moja: acheni. Asidi ikikutana na klorini kali hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Shabu, inayosafisha maji ya kisima kwenye pipa lililotulia, haigusi sabuni iliyoyeyuka, na ndani ya jakuzi inayozunguka inaishia kuziba filta. Dawa ya kuua povu inayouzwa madukani, ile ya silikoni, angalau imetengenezwa kwa kazi hiyo: matone yake hutoboa ngozi ya viputo. Itumie jioni moja wageni wakiwa mlangoni. Ukiifanya kuwa desturi, silikoni nayo itakaa kwenye filta.

Basi povu linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwa watu, na hesabu inaeleza kwa nini. Jakuzi ya nyumbani yenye lita 1,200 ikiingiwa na watu wanne, kila mmoja ana lita 300. Bwawa la lita 60,000 likiingiwa na hao hao, kila mmoja ana lita 15,000. Mafuta ya ngozi, jasho na losheni ambavyo bwawa lisingevihisi, jakuzi inavipokea vikiwa vikali mara 50 zaidi. Sasa ongeza mambo ya kwetu. Pwani mgeni anatoka kukandwa kwa mafuta ya nazi, anatembea hatua chache, anazama. Bibi harusi amesingwa singo mwili mzima, shangazi zake wanampeleka kwenye maji ya moto apumzike. Mtalii amejipaka krimu ya kuzuia jua tangu asubuhi. Nywele zina shampuu ambayo haikusuuzwa vizuri. Hakuna filta inayoweza kuyamaliza hayo.

Halafu nguo. Nguo za kuogelea zikifuliwa kwa sabuni ya unga, na zaidi zikifuliwa kwa mashine na softena juu yake, kitambaa hubaki na sabuni hata kikiwa kimekauka na kinanukia. Maji ya moto na msukumo wa jeti huitoa yote. Nikiitwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wanaapa kwamba wanaoga kabla ya kuingia, hapo ndipo ninapoangalia kwanza. Ninaangalia pia jinsi jakuzi inavyosafishwa: msaidizi wa nyumbani anaisugua kwa sabuni ya vyombo, anaisuuza haraka, anajaza maji. Povu la siku ya kwanza baada ya kubadilisha maji karibu kila mara ni hilo.

Yapo pia maji yenyewe. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa kwenye miamba ya chokaa ya matumbawe, na yeyote aliyefua kwa maji hayo anajua sabuni inavyogoma kutoa povu. Kalsiamu ndiyo inayoizuia. Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini, na maji ya mvua ni laini zaidi, kwa hiyo uchafu uleule utatoa povu kubwa zaidi Karen kuliko Jambiani. Lakini hapa tena watu hukimbilia kununua kabla ya kupima. Pima ugumu kwanza. Ukiwa chini ya miligramu 150 kwa lita, kloridi ya kalsiamu ina maana. Ukiwa umefika 250, acha. Ukiongeza kwenye maji ya Unguja utajenga gamba la chokaa juu ya hita na kuinunua upya.

Najua pingamizi linalonisubiri: maji ni ghali. Mashariki ya Unguja wengi wanaletewa na boza, na kumwambia mtu amwage jakuzi nzima kunaonekana ni ufujaji. Ninalichukulia kwa uzito. Lakini lita 1,200 ni sehemu ndogo ya boza moja, na maji ya jakuzi hayapotei: yaache wazi bila kuongeza klorini mpaka kipimo kionyeshe sifuri, kisha yatumie kuoshea sakafu na vyoo. Usiyaelekeze baharini penye matumbawe. Kinachokugharimu kweli ni filta mpya, hita mpya na mgeni aliyelazwa.

Haya, hatua zenyewe. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya jakuzi, nyingine ya maji ya bomba au kisima chako. Jaza nusu, tikisa zote. Povu likikaa kwenye zote mbili, tatizo linaanzia kwenye chanzo cha maji. Likikaa kwenye moja, unajua ni ipi. Pima klorini huru na pH: klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Toa filta, ipige kwa maji ya mpira, iloweke usiku kucha kwenye dawa ya kuondoa mafuta iliyotengenezwa kwa filta, isuuze sana. Usianze na asidi, maana itayagandisha mafuta, na usitumie sabuni ya vyombo.

Povu likiwa dogo na maji bado mapya, oksidisha. Kwa lita 1,200, gramu 18 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 zitapandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita. Iyeyushe kwanza ndani ya ndoo ya maji, unga uingie kwenye maji na si maji kwenye unga, na usiichanganye kamwe na vidonge vya klorini vya aina nyingine: mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Funua jakuzi, washa jeti nusu saa, subiri klorini ishuke hadi kati ya 3 na 5. Hiyo huunguza jasho na mafuta kiasi. Softena na silikoni haiziwezi kwa haraka.

Povu likirudi, au ukiwa umeshamimina softena, usibahatishe. Weka dawa ya kusafishia mabomba, zungusha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mwaga, suuza mara mbili, jaza upya. Kisha weka ratiba: gawanya lita za jakuzi kwa 11, jibu ligawanye kwa idadi ya waogaji kwa siku. Lita 1,200 na waogaji wanne zinakupa siku 27 hivi. Hata wakiwa wachache, usipite miezi mitatu minne. Kila mtu aoge kwa maji kabla ya kuingia, nywele zifungwe juu, nguo za kuogelea zisuuzwe kwa maji matupu, na dawa ya mwani ikae mbali: jakuzi yenye kifuniko na klorini ya kutosha haiihitaji.

Na mpaka kipimo kionyeshe klorini 3 au zaidi, asiingie mtu, wala jeti zisiwashwe watu wakiwa wamekaa karibu. Mzee, mvutaji sigara na mwenye mapafu dhaifu ndio wa kwanza kuugua. Mgeni aliyelipia chumba akikasirika kwa kunyimwa jakuzi usiku mmoja, mrudishie fedha yake.