Seva ya Linux kwa Duka la Mpakani

Wanafunzi wa somo la istilahi hutuuliza mara kwa mara kama maneno ya kompyuta tunayowafundisha yana kazi yoyote nje ya darasa. Makala haya yanalichukua neno moja, seva, na kulipeleka Merikit, wilayani Tororo, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya.

Tuseme Merikit yuko mfanyabiashara wa nafaka mwenye ghala, ofisi na duka la jumla katika uwanja mmoja. Wateja wake wengine wako Tororo mjini, wengine Busia, pande zote mbili za mpaka; kwa hiyo madeni yameandikwa kwa shilingi ya Uganda na kwa shilingi ya Kenya. Ana kompyuta tatu: ya mhasibu, ya mauzo na ya ghala. Faili la madeni husafiri kwa flashi kutoka moja hadi nyingine. Ikifika jioni, faili hilo lina matoleo matatu yasiyolingana, na mteja mmoja anadaiwa mara mbili huku mwingine hadaiwi kabisa. Siku diski ya mhasibu itakapokufa, madeni ya msimu mzima wa mahindi yatakufa nayo.

Dawa yake ni seva, yaani kompyuta ya nne isiyokaliwa na mtu, ambayo kazi yake ni kuzihudumia zile tatu. Faili la madeni linakaa humo peke yake, na kila mmoja analifungua kutoka alipo kwa jina lake na nywila yake. Mtu wa ghala anaweza kuruhusiwa kulisoma bila kulibadilisha. Printa moja inatosha wote. Zinahitajika swichi na kebo chache tu, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haya yote hufanya kazi hata intaneti ikikatika, maana safari ya faili haivuki ukuta wa uwanja. (Ungeweza kuiita mtumishi, lakini watu wameshaizoea seva na hatuoni sababu ya kuwapokonya.)

Seva hiyo si lazima iwe mashine ya ghali. Kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, inawatosha watu watatu ikiwekewa Linux. Kiini cha mfumo huu kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka uliofuata kikawekwa chini ya leseni ya GPL, iliyotungwa na Richard Stallman. Leseni hiyo inamruhusu yeyote kuitumia programu, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuigawa. Waingereza wana neno moja tu kwa maana mbili, na Stallman ametumia miaka mingi kueleza kwamba anazungumzia uhuru wala si bei. Kiswahili hakina shida hiyo: kuna huru na kuna bure, na ndiyo maana tunasema programu huria. Leseni hailipiwi, lakini fundi, kebo na umeme vinalipiwa.

Mhasibu hahitaji kuiacha Windows. Programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992, huifanya seva ya Linux ionekane kwenye kompyuta za Windows kama kabrasha la kawaida.

Kuhusu aina ya Linux ya kuchagua, tahadhari kidogo. Zilikuwapo seva zilizofungashwa maalumu kwa biashara ndogo, kama SME Server na ClarkConnect, ambayo baadaye ilikuja kuitwa ClearOS. Uzuri wake ni kwamba unaziongoza kwa kubofya kurasa za kivinjari. Lakini nyingi za aina hii zilijengwa juu ya CentOS, na toleo la 7 la CentOS liliacha kurekebishwa tarehe 30 Juni 2024. Mwongozo wa zamani unaweza kukuelekeza kwenye nyumba isiyo na mlinzi. Sisi tungechagua Debian, au Ubuntu Server ya LTS, ambayo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano.

Diski ziwe mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine iendelee. Hata hivyo hiyo si nakala rudufu: ukifuta faili kwa makosa, linafutika kwenye zote mbili papo hapo. Nakala ichukuliwe kila siku kwenye diski ya nje. Miongozo mingi hupanga kazi hiyo usiku wa manane. Mahali ambapo umeme hukatika ovyo, afadhali saa kumi na mbili jioni wakati wa kufunga duka, kisha mwenye mali aondoke na diski hiyo. Betri ya akiba nayo ni ya lazima, ili seva ipate dakika za kujizima salama.

Na lugha je? Amri za seva ni za Kiingereza. Lakini mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na uliweza kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria. Katika Tororo na Busia husikika Kiteso, Kidhopadhola na Kisamia, na lugha ambayo fundi wa upande mmoja na mtunza ghala wa upande mwingine huelewana nayo mara nyingi ni Kiswahili. Basi fundi aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuubandika kando ya seva: jinsi ya kuizima, jinsi ya kuiwasha, jinsi ya kurudisha faili kutoka kwenye diski ya nje. Nywila kuu iandikwe, itiwe katika bahasha, akabidhiwe mwenye duka. Kabla fundi hajalipwa, mtunza ghala afute faili la majaribio na kulirudisha mwenyewe kwa kufuata ukurasa huo.