Mishono katika picha za Unguja

Kwa mtazamo wa haraka ni picha moja. Fundi wa karatasi kuukuu, mama mzaliwa wa Unguja anayefanyia kazi nyumbani kwake Thamesmead, London, aliuinamisha dirishani ukurasa wa gazeti la zamani, nikaona: mistari myeupe, myembamba kama unywele, inaikata picha wima na mlalo.

Ni mishono, akanieleza. The Illustrated London News, lililoanza mwaka 1842, na mshindani wake The Graphic, la 1869, yalichapa picha kutoka kwenye mbao. Mti mgumu uliofaa kazi hiyo una shina jembamba, hivyo vibao vidogo viliunganishwa kwa parafujo na nati hadi vikatosha ukurasa mzima. Mchoro ukishakamilika juu yake, msimamizi alichonga mistari inayovuka maungio, kisha vibao vikafunguliwa, vikagawiwa wachongaji. Huyu mawingu, yule paa la makuti, mwingine mikono ya watu. Gazeti la kila wiki halingoji, hivyo hata usiku walichonga. Vilipofungwa tena, palipobaki mwanya wino haukushika.

Mama huyu huosha kurasa hizo, huziba matundu kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Mishono haigusi. Kwake ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, maana inaonyesha kwamba aliyechonga shingo ya mtumwa huenda hakuuona uso wake.

Maneno hayo hayajanitoka. Mwaka 1872 The Illustrated London News lilichapa picha ya soko la watumwa la Unguja. Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alisaini mkataba na Waingereza, soko likafungwa. Mwaka 1875 akaja London, na magazeti yakamwandika kwa jina na cheo.

Na wale wa sokoni? Mama anaamini nyuso nyingi za makundi katika kurasa hizi ni mazoea ya mkono wa mchongaji. Je, yupo hata mmoja aliyesimama Mkunazini, palipokuwa na soko hilo, ambaye sura yake ilivuka salama kutoka daftari la mchoraji hadi kibaoni?

Kurasa nyingine huzitia fremu, wateja wakazitundika sebuleni. Ile ya soko amekataa kuiuza. Anafikiria kuirudisha Unguja, ila hajaamua aikabidhi kwa nani.