Msimu wa Mwewe Batumi

Kwetu kivuli cha mwewe kikipita uani, watoto hupiga kelele na kuku huita vifaranga. Katika vijiji vya Sakhalvasho na Shuamta, juu ya mji wa Batumi nchini Georgia, kivuli hicho husubiriwa kwa hamu.

Mwewe hupita hapo kwa wingi, na sababu ni umbile la nchi. Magharibi kuna Bahari Nyeusi, mashariki kuna milima ya Kaukazi Ndogo. Ndege mbuai hukwepa kuvuka maji mapana, kwani juu ya bahari hawapati ile hewa ya joto ipandayo kutoka ardhini, inayowainua bila kuchoka mabawa. Milima nayo ikijifunika mawingu ya mvua, ndege hubanwa kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, hupita hapo zaidi ya milioni 1.

Wenyeji walikuwa na ujuzi wa ndege hawa tangu zamani sana. Mwindaji anayetumia kipanga huitwa bazieri, na jirani zao wa Arhavi, ng'ambo ya mpaka wa Uturuki, wana mila iyo hiyo. Kazi huanzia chini. Mdudu aitwaye chenene hufukuliwa udongoni awe chambo cha mbwigu, ndege mdogo. Mbwigu akishanaswa, hufungwa kwenye kijiti, naye awe chambo cha kipanga. Mwindaji hujibanza kibandani, akitikisa kijiti. Kipanga akijitupa, wavu unamdaka. Siku chache za mafunzo zinatosha: kipanga hutulia juu ya ngumi, kisha hurushwa kukamata kware. Msimu ukiisha, huachiwa aende zake.

Si wote walio na uungwana huo. Wapo waliopanda vilimani na bunduki, wakiwaangusha mwewe kwa nyama au kwa mchezo tu, na milio hiyo haijakoma.

Mwaka 2008 hesabu rasmi ilianza. Wanaojitolea kutoka nchi nyingi hukaa kilimani tangu asubuhi, darubini machoni, kidole kwenye kifaa kidogo kinacholia "ta" kila kinapobonyezwa. Kundi likizunguka juu kama majani kwenye kimbunga, hawahangaiki nalo. Husubiri lifike kileleni, ndege wachomoke mmoja mmoja na kuteleza kusini kwa mstari; hapo ndipo vidole hufanya kazi. Mwisho wa Agosti wengi ni mwewe wanaokula mabuu ya nyigu. Mwisho wa Septemba ni zamu ya shakivale.

Jioni wahesabuji hurudi kulala kwa wanakijiji, wanaowapangisha vyumba na kuwapakulia khachapuri, mkate uliojaa jibini. Kwa hiyo mwewe anayepita salama sasa anaingiza fedha nyumbani. Nadhani hilo limewagusa watu kuliko mahubiri, kwa kuwa halikuwadharau: jicho lililojua kuvizia kipanga ndilo hilo hilo linalofaa kumhesabu.

Nasi tumo katika habari hii. Mbwigu na shakivale wa kaskazini hushuka Afrika, na wengi hupita Kenya na Tanzania kuanzia Oktoba. Ukiwaona shakivale hao wakizunguka juu ya Bonde la Ufa, kabla hujaokota jiwe, kumbuka kuna kijiji kilichowahesabu na kuwaacha wapite.